Picha Kwanza, Nyundo Baadaye

Hotuba ya mwanachama mmoja, fundi wa njia ya reli, mbele ya mkutano wa tawi



Mimi si mtu wa hotuba. Kazi yangu ni njia: nakaza nati, nabadili mataruma, nazibua mitaro. Masomo yangu yaliishia darasa la nane katika shule ya misheni. Lakini Katibu aliniambia, "Wewe ndiwe uliyelalamika sana juu ya zile nyumba. Basi simama uyaseme mbele ya watu." Nami nimesimama.

Habari yangu leo ni ya picha. Najua wengine watacheka na kusema, mshahara haujatosha, na huyu anatuletea mambo ya picha. Ngojeni kidogo, kisha mtahukumu wenyewe.

Mimi nilizaliwa katika landi ya reli, katika stesheni ndogo ya bara. Mzee wangu alikuwa mtu wa gengi. Nyumba zetu zilikuwa mstari mmoja wa milango kumi na miwili, kuta za mawe, paa la mabati, chumba kimoja kwa jamaa moja. Mahali pa kupikia hapakuwapo ila barazani, na mvua ikinyesha moto unazimika. Basi wazee wetu wakajenga majiko nyuma ya nyumba kwa fedha zao wenyewe. Walinunua simiti kidogo kidogo, mfuko mmoja mwisho wa mwezi. Juu ya mlango wa jiko letu, simiti ikiwa bado mbichi, mzee aliandika jina lake na mwaka kwa ncha ya msumari.

Miaka michache iliyopita ikaja barua ya kuhama, na baada ya barua likaja tingatinga. Lilianza saa tatu asubuhi. Ilipofika saa nane mchana hapakuwa na kitu ila mawe na vumbi.

Baadaye ikasemwa ya kwamba mtu atakayethibitisha kuwa alijenga kitu kwa fedha zake atafikiriwa kupewa fidia. Mama mmoja, mjane wa mtu aliyefanya kazi gengi moja na mzee wangu, akaenda ofisini. Akaulizwa: Jiko lako lilikuwa na ukubwa gani? Lilikuwa la mawe au la mabati? Mbona katika ramani halimo? Ni kweli, katika ramani halikuwamo, kwa maana ramani ilichorwa kabla wazee hawajajenga. Akarudi nyumbani, akapekua sanduku, akapata picha moja ya arusi ya binti yake. Bibi arusi amesimama, na nyuma yake ukuta wa jiko waonekana wazi kabisa. Tulikaa pamoja naye, tukahesabu mistari ya mawe nyuma ya bibi arusi. Tukapata mistari tisa mpaka kwenye mabati. Tukasema, sasa tumeshinda.

Akaipeleka. Karani akaitazama, kisha akaigeuza. Nyuma hapakuandikwa neno hata moja. Akauliza: Hapa ni mahali gani? Mwaka gani? Nani aliyepiga? Yule mama akajibu, "Mwanangu, mimi nilikuwapo." Karani akamrudishia picha yake, akaita mtu mwingine.

Nami nina lawama yangu, tena kubwa. Siku ile ya tingatinga nilikuwa na simu mkononi. Nilipiga picha sita, na zote sita ni za vumbi na chuma. Hata moja si ya nyumba ikiwa nzima. Miaka mingi nilipita chini ya jina la mzee wangu nikiingia na kutoka, nisilipige picha. Nililikumbuka lilipokwisha kuanguka. Na simu yenyewe baadaye ikapotea, na zile picha za vumbi zikapotea pamoja nayo.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza: je, ziko nchi zilizoweka kanuni juu ya jambo hili? Nikasoma, nikawauliza walimu. Nimeona ziko, nami nataka niwaeleze, kwa sababu kanuni zenyewe ni za akili ya kawaida, na mfanya kazi yeyote aweza kuzifuata.

Nianze na Marekani. Mwaka 1933 nchi ile ilikuwa katika shida kuu ya ukosefu wa kazi. Hata wasanifu wa majengo, watu wenye elimu, walikaa bila mshahara. Katika mwezi wa Novemba mwaka huo, mtu mmoja wa idara ya mbuga za taifa, jina lake Charles Peterson, aliandika shauri kwa serikali: majengo ya zamani yanabomolewa kila siku, waajiriwe wasanifu wapatao 1,000 wasio na kazi, wakayapime, wakayachore na kuyapiga picha kabla hayajatoweka. Serikali ikakubali. Angalieni hapo, ndugu. Shauri lile lilitaka majengo yaandikwe, lakini pia lilitaka watu wapate mshahara. Tena hawakutazama majumba ya wakubwa peke yake. Waliandika pia ghala, vinu, madaraja na vibanda vya watu wa kawaida. Mwaka 1969 wakaanzisha idara ya pili kwa ajili ya kazi za uhandisi, na humo mna reli, madaraja na karakana.

Sasa sikilizeni habari ya stesheni. Katika mji wa New York palikuwa na stesheni kubwa iitwayo Pennsylvania Station. Ilifunguliwa mwaka 1910. Ilikuwa na nguzo kubwa za mawe, na juu yake tai wa mawe. Kampuni yenye stesheni ikaishiwa na fedha, ikaamua kuuza nafasi ya juu ili pajengwe ukumbi wa michezo na ofisi. Watu walisimama barabarani na mabango, wasisikilizwe. Tarehe 28 Oktoba 1963 wakaanza kubomoa, na kazi ile ilichukua miaka mitatu hivi. Mawe mengi yakatupwa katika mabwawa ya New Jersey.

Lakini mwaka 1962, kabla ya nyundo ya kwanza, mpiga picha Cervin Robinson alikuwa amekwisha kuingia na kamera yake kwa kazi ya idara ile niliyoitaja. Alipiga ukumbi, nguzo, ngazi na vyuma vya paa. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa baada ya stesheni kuvunjwa aweza kuiona ilivyokuwa. Stesheni haikurudi. Picha haikuizuia nyundo. Lakini hakuna awezaye kusema ya kwamba palikuwa ni mahali pasipo maana, kwa sababu ushahidi upo. Na hasira ya watu ilizaa tunda: mwaka 1965 mji wa New York ukatunga sheria ya kulinda majengo yake ya kihistoria.

Mwaka 1966 serikali kuu nayo ikatunga sheria ya nchi nzima, na mwaka 1980 ikaongeza kifungu ambacho ndicho hasa kilichonisimamisha hapa leo. Kinasema ya kwamba kazi ya idara ya serikali kuu, au kazi inayosaidiwa nayo, ikitaka kubomoa jengo la kihistoria au kulibadili sana, basi ni lazima kumbukumbu zitengenezwe kwa wakati wake, ziwekwe katika Maktaba ya Bunge au mahali pengine palipokubaliwa. Neno "kulibadili" limo pia. Maana jengo laweza kufa bila kubomolewa. Ukitoa madirisha, ukaziba baraza, ukabadili paa, ukuta umesimama lakini jengo lile la kwanza limekwenda.

Sasa kanuni za picha zenyewe. Nitazitaja pamoja na sababu zake, kwa kuwa kanuni bila sababu husahauliwa upesi.

Wamarekani walitaka filamu kubwa, ya inchi 4 kwa 5, au 5 kwa 7, au 8 kwa 10. Sababu ni kwamba katika filamu kubwa kila jiwe na kila msumari huonekana, hata baada ya kukuzwa. Walitaka picha nyeusi na nyeupe, kwa kuwa rangi hufifia na fedha iliyomo katika filamu nyeusi na nyeupe, ikisafishwa vizuri, hudumu. Kipimo chao ni kwamba kumbukumbu idumu miaka 500. Fikirini, ndugu, miaka 500! Reli yetu ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Haijafika hata robo tatu ya miaka 200.

Walitaka kamera isimame sawasawa, isiinamishwe wala kuinuliwa, ili kuta zisionekane kana kwamba zinalala nyuma. Walitaka katika picha ya mbele ya jengo iwekwe fito ya kupimia, yenye alama, ili mtu wa baadaye ajue urefu. Sisi tulihesabu mistari ya mawe nyuma ya bibi arusi. Wao waliweka fito tangu mwanzo.

Walitaka picha zifuate utaratibu: kwanza jengo pamoja na mahali lilipo, barabara na majirani, kisha mbele, ubavu huu, ubavu ule, na nyuma, kisha mlango mkuu, kisha ndani, vyumba na ngazi, mwisho vitu vidogo, kama madirisha, bawaba na maandishi. Na kila picha iwe na namba na maelezo: jengo gani, mahali gani, imetazama upande gani, nani aliyepiga, tarehe gani. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama na karani wake. Picha isiyo na maandishi ni kama shahidi bubu. Yote aliyaona, lakini hawezi kusema neno mahakamani.

Tena walitaka picha zile ziwe mali ya wote, mtu yeyote aweze kuziona na kuzitumia bila kuomba ruhusa ya mwenye jengo.

Uingereza nayo iliumia kabla ya kujifunza. Katika stesheni ya Euston, London, palikuwa na lango kubwa la mawe tangu siku za kwanza za reli yao, miaka ya 1830. Lilianza kubomolewa mwishoni mwa mwaka 1961, ingawa watu wengi walipinga. Mawe mengi yakatupwa mtoni kuziba shimo, na mwaka 1994 mwanahistoria Dan Cruickshank akayavumbua humo majini. Siku hizi sheria yao ya mwaka 1990 yasema hivi: mtu akipewa ruhusa ya kubomoa jengo lililoandikwa katika orodha, haruhusiwi kuanza siku hiyo. Ni lazima atoe taarifa kwa wanaohusika na kumbukumbu, na kwa muda usiopungua mwezi mmoja awaachie mlango wazi waingie waliandike jengo lile, isipokuwa wenyewe wamesema wamekwisha maliza au hawahitaji. Mwezi mmoja, ndugu! Sisi tulipewa tangu saa tatu mpaka saa nane.

Sasa turudi kwetu Kenya. Tunayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo jengo laweza kutangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa la kulindwa, na likishatangazwa si halali kulibomoa au kulibadili bila ruhusa. Mji wa kale wa Lamu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Fort Jesus mwaka 2011. Sisi watu wa reli tunayo makumbusho yetu Nairobi tangu mwaka 1971. Hayo yote ni mema, nami siyadharau.

Lakini nawauliza: landi iko katika orodha gani? Nyumba ya mtu wa gengi, kibanda cha mshika bendera, kisima cha stesheni ndogo, ukumbi ambamo wafanya kazi walikutana, viko katika gazeti gani? Injini zimewekwa katika makumbusho, na ni haki. Aliyelala chumba kimoja na watoto sita ili aamke alfajiri akaiwashe injini ile, yeye chumba chake hakina hata picha. Baada ya miaka hamsini watoto wataambiwa ya kwamba reli ilijengwa na kuendeshwa na mainjini tu.

Wala msidhani mambo haya hayafiki mahakamani. Katika Muthurwa, Nairobi, nyumba zilizokuwa za wafanya kazi wa reli zilianza kubomolewa mwaka 2010. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama ikasema ya kwamba haki zao zilivunjwa. Mtu akienda mahakamani ataulizwa ushahidi, na ushahidi hautengenezwi siku ya kesi.

Kabla sijamaliza, nijibu maneno mawili ninayoyasikia huko nyuma.

La kwanza: kupiga picha ni kukubali kubomolewa. Ndugu yangu, neno hilo lina uzito, nami siwezi kulipuuza. Huko ng'ambo wako wenye majengo wanaopiga picha upesi upesi, kisha wanasema, tumekwisha hifadhi, sasa leteni tingatinga. Hapo picha imekuwa kama rushwa. Kwa hiyo tuseme wazi: picha si ruhusa, na picha si badala ya nyumba. Mtu hawezi kulala ndani ya picha. Kwanza tupiganie nyumba. Na wakati tunapigania, tupige picha. Tukishinda, picha zitasaidia mafundi kutengeneza kama ilivyokuwa. Tukishindwa, zitasema tulikuwa na nini.

La pili: hatuna kamera za inchi 8 kwa 10. Ni kweli, nami sina. Lakini simu tunazo. Na kati ya kanuni zile nilizozitaja, nyingi hazihitaji fedha. Fito haihitaji fedha. Kusimama sawasawa hakuhitaji fedha. Kuandika tarehe hakuhitaji fedha. Yule mama hakukosa kamera. Alikosa kalamu.

Basi naleta shauri langu mbele ya mkutano huu, tawi letu lifanye hivi:

1. Tuchague watu watatu, na mmoja wao awe mstaafu anayezijua nyumba. Vijana watapiga, mzee ataeleza.

2. Tusingoje barua ya kuhama. Tuanze sasa, na nyumba zilizo nzima. Picha ya nyumba nzima ni bora kuliko picha kumi za vumbi.

3. Katibu aandike barua ya kuomba ruhusa kwanza. Mtu asiingie karakana au mahali palipokatazwa kwa siri, akajipatia kesi bure.

4. Tuchonge fito ya mita mbili, tuipake nyeusi na nyeupe, kila sehemu sentimita 20. Sisi watu wa reli ya mita tunaijua mita vizuri kuliko wengine wote. Fito isimame karibu na ukuta katika kila picha ya nje.

5. Kila jengo: mahali lilipo, mbele, mbavu mbili, nyuma, ndani, na vitu vidogo. Namba ya mlango ionekane. Kilichoongezwa na wenyewe, kama jiko, choo au ua, kipigwe peke yake, na mwenyewe asimame hapo akitaka.

6. Jioni ile ile, si kesho, maelezo yaandikwe katika daftari: namba ya picha, mahali, upande, tarehe, jina la mpiga picha, na jina la aliyeeleza. Ilijengwa lini, na nani, kwa fedha ya nani. Wawili watie sahihi.

7. Picha zisikae ndani ya simu moja. Mimi najua. Zichapwe kwenye karatasi, tuwe na nakala tatu: moja kwa mwenye nyumba, moja katika sanduku la tawi, na ya tatu tuombe ipokewe mahali pa kumbukumbu za watu wote, kama Makumbusho ya Reli au Nyaraka za Taifa. Nyumba moja ikiungua, mbili zibaki.

Na kwa wakuu tuombe jambo moja tu, tena si kubwa: kabla ya kubomoa au kubadili nyumba yoyote ya wafanya kazi, tawi lipewe taarifa na siku thelathini za kuingia kupiga picha na kupima, pamoja na wenye kukaa humo. Waingereza wanatoa mwezi kwa majumba yaliyo katika orodha. Sisi twaomba mwezi huo kwa landi.

Ndugu wanachama, wiki iliyopita nilikwenda kumwona yule mama. Amekuwa mzee sana. Picha ya arusi bado anayo. Nilimwomba anieleze, nami nikaandika nyuma yake kwa kalamu: mahali, mwaka, jina la bibi arusi, jina la aliyejenga ukuta, na mifuko ya simiti aliyonunua, kumi na minne. Chini yake mama akaweka dole gumba. Fidia huenda haitapatikana tena. Lakini sasa karani yeyote akiigeuza picha ile, ataona neno.

Naomba mwenzangu mmoja aunge mkono shauri hili, ili lipigiwe kura leo hii. Umoja ni nguvu.